Maua ya Upande wa Jua

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Mvuke, na mwenye kikohozi hakuhitaji kuelekezwa nyumba, alifuata harufu tu. Ilianzia kwenye kibanda cha fundi cherehani, ikapita ukuta wa karakana ya baiskeli, ikaishia kwenye mlango wa bluu uliobanduka rangi sehemu ya chini, pale ambapo watu huusukuma kwa mguu kwa kuwa mikono yote miwili imeshika kifua. Ilikuwa harufu kali kidogo, kama ya ganda la ndimu lililokwaruzwa juu ya jiwe bichi.

Ndani kulikuwa na chumba cha mvuke chenye viti viwili na beseni, jiko lisilozimwa mchana kutwa, na chumba cha nyuma kisichopigwa na jua, ambamo nyotajabali ilikauka juu ya vichanja vya waya. Nyotajabali ni ua dogo, jeupe kama maziwa, lenye mishipa ya zambarau na majani yenye manyoya kama sikio la punda. Bondeni haliishi. Wengi wamelipanda kwenye makopo. Huchanua mara moja, kama mgeni anayekunywa chai kwa adabu tu, kisha hufa. Linataka baridi, linataka jiwe jeusi linalotoka jasho, na linataka ukungu unaopita asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo hukaa juu kabisa, kupita pale miti inapokoma, kwenye ufa ulio kati ya mabega mawili ya mlima. Katika ufa huo kuna kibaraza cha mwamba kisichozidi upana wa kitanda. Hapo ndipo Mama Mvuke alipopata maisha yake.

Mvuke wa ua hilo hufungua kifua na pua. Maji yake yakipoa huosha kidonda kinachokataa kufunga. Chai yake hutuliza tumbo lililojaa gesi. Majani yake yakipondwa katika mafuta hutumika kukandia goti lililovimba, ingawa goti la Mama Mvuke mwenyewe lilikataa katakata kupona. "Limenizoea mno," alikuwa akiwatania wateja. "Linajua nimelala wapi na nimekula nini. Haliwezi kuniheshimu."

Utani huo aliuacha siku alipokwama katikati ya njia ya mlimani, ikabidi wakata kuni wamteremshe kwenye machela ya matawi. Tangu siku hiyo aliyepanda alikuwa mkamwana.

Mwanawe wa pekee, fundi bomba, alikuwa ameoa binti aliyekuwa akikatisha tiketi kituo cha mabasi. Mtu aliyekaa miaka akiwapoza abiria walioachwa na basi hakuona shida kumpoza mwenye mafua. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na mlima aliuchukua kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Mama Mvuke alimfundisha uani kwa kutumia mabua ya magugu: ua huchumwa kabla umande haujakauka. Unakata kikonyo kwa ukucha juu ya jani la pili, si kwa kisu, kwa kuwa kisu hupasua bua nalo hulia maji mpaka likauke. Unaacha mengi kuliko unayochukua. Unayalaza kikapuni kwa tabaka, na katikati ya tabaka unaweka yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe yenye maji, ili yasafiri yakidhani bado yako kwao.

Binti alisikiliza, akapanda, akarudi na kikapu. Mama Mvuke alikiinamia akitafuta kosa. Alipekua tabaka la juu, la kati na la chini. Vikonyo vyote vilikuwa vimekatwa sawasawa.

"Si vibaya," alisema.

Alitaka kufurahi, na kwa kweli kitu kidogo ndani yake kilifurahi. Lakini chini ya furaha hiyo palikuwa na donge. Alilihisi pale kooni, mahali alipozoea kuwatibu wengine.

Donge hilo lilikua kwa vitu vidogo. Binti alianza kusaidia kufukiza. Alikunja taulo kwa namna yake, akamwachia mgonjwa mwanya mdogo wa kuchungulia, halafu akawa anaongea naye muda wote kutoka nje ya taulo. Mama Mvuke, akiwa jikoni, alisikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia katika nyumba ile: mgonjwa akicheka ndani ya mvuke. Chini ya taulo lake watu walikohoa kwa heshima. Chini ya taulo la mkamwana walicheka, kisha wakakohoa vizuri zaidi.

"Siku hizi kwako kuna kicheko," fundi cherehani alimwambia, mguu wake ukiendelea kukanyaga mashine. "Umeleta dawa mpya?"

"Dawa ni ile ile. Wagonjwa ndio wapuuzi."

"Aa, usiseme hivyo. Mkamwana wako ana mkono mwepesi, nakwambia. Juzi kanifukiza nikasinzia palepale kwenye kiti kama mtoto mchanga."

"Ulisinzia kwa kuwa umezeeka, Fundi."

"Mbona kwako sikuwahi kusinzia, na uzee ni huu huu?"

Mama Mvuke alichukua gauni lake lililoshonwa pindo akaondoka bila kulikagua. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa sawa na kutupa kitu ukutani.

Halafu akaja mwalimu wa kwaya. Mwalimu huyu alikuwa mteja wake tangu alipokuwa kijana mwenye sauti nyembamba, na ni mvuke wa mlango wa bluu uliomvusha kila msimu wa baridi. Alimkuta Mama Mvuke amesimama mlangoni, mkono kiunoni, akipunga upepo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Ahsante." Mwalimu alinyoosha shingo akatazama ndani. "Yule binti yupo?"

"Mimi nipo."

"Nakuona, Mama, nakuona. Hujambo? Vizuri." Akainamisha kichwa kidogo kwa adabu. "Lakini yeye yupo?"

Alikuwa na habari njema: kwaya yake imeingia mashindano makubwa, na alitaka mkamwana aje ukumbini awafukize waimbaji wote kabla ya siku yenyewe. Alitoa ombi hilo akiwa amesimama hatua moja kutoka kwa Mama Mvuke, akizungumza juu ya bega lake. Binti alitoka akijifuta mikono, akamtazama mama mkwe, akasema, "Mama akikubali." Mama akakubali. Angesema nini? Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, kisha akaingia chumba cha nyuma akapanga upya vichanja vilivyokuwa vimepangwa.

Ni katika hali hiyo ndipo lilipomkuta swali.

Mkamwana alikuwa uani akisuuza kikapu. "Mama," alisema, "kwenye ufa yamebaki machache. Nikiendelea kuchuma tutayamaliza kabisa."

"Basi usichume."

"Na waimbaji wa Mwalimu je? Ni wengi." Alikung'uta kikapu, matone yakamrukia usoni. "Lakini Mama, kule ng'ambo, upande wa Mmeguko, nimeona mengine. Makubwa! Kama visosi! Sikuyagusa kwa kuwa hukuniambia habari zake. Ni haya haya?"

Mmeguko ni pale bega la mlima lilipomeguka zamani, likabaki ukuta mwekundu usio na ukungu wala maji, unaopigwa na jua tangu linapotoka. Nyotajabali nayo huota pale, na huota kubwa. Lakini ua linalokaa juani hujikinga: hutoa utomvu mzito unaojipaka kwenye petali. Ukilifukiza, utomvu hupanda pamoja na mvuke, ukashuka kooni ukakaa kama pamba iliyochovywa kwenye pilipili. Mama Mvuke aliyajua hayo tangu utotoni. Shangazi yake, aliyempeleka mlimani mara ya kwanza, hakumweleza kitu. Alichuma ua moja la Mmeguko akamsugulia mdomoni, akamwacha alie njia nzima ya kurudi. Hakuwahi kusahau. Na katika mafundisho yote aliyompa mkamwana pale uani, hilo ndilo aliloliweka kando, kama mtu anavyoweka akiba.

Alimtazama binti. Matone ya maji yalikuwa bado yanang'aa kwenye paji la uso wake.

"Ni haya haya," alisema. "Yachume."

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Sifa za siku hizi zilikwenda kwa binti: mkono wa binti, taulo la binti, kikapu cha binti. Basi na lawama zitafuata njia ile ile. Watu watasema yule mtoto bado, yule mtoto alikuwa na bahati tu, afadhali mama mwenyewe. Hakutaka mtu aumie sana. Alitaka wakwaruzwe kidogo, warudi mlangoni wamkute amesimama, wamuulize yeye.

Kikapu kilirudi kimejaa mpaka kifuniko hakikufunga. Binti alikuwa anacheka peke yake kwa furaha.

"Yananata, Mama. Tazama vidole vyangu."

"Ni umande huo."

"Umande unanata?"

"Wa kule juu unanata."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Maua yalilazwa kwenye vichanja yakaanza kukauka. Siku zote yalipokuwa yanakauka alikuwa na nafasi ya kusema. Aliingia chumba cha nyuma asubuhi na mchana, akayageuza, akayanusa, akaona yalivyokuwa yanabadilika rangi kuelekea manjano, jambo ambalo maua ya ufa hayafanyi. Kila alipotoka alikuta mtu barazani anauliza kama binti yupo. Basi akafunga mdomo, akafunga na mlango.

Mwalimu alikuja kabla ya siku ya waimbaji. Alisema angependa kuujaribu mvuke yeye mwenyewe kwanza, koo lake lilikuwa limechoka kwa mazoezi. Mkamwana alimkalisha, akamwaga maji yanayochemka kwenye beseni, akatia maua kiganja kizima, akamfunika. Mama Mvuke alikaa jikoni akimenya viazi. Alisikia sauti ya binti ikisimulia habari ya abiria mmoja aliyekata tiketi ya mbuzi. Alisikia Mwalimu akicheka. Kisha akasikia Mwalimu akikohoa, si kile kikohozi cha kufunguka anachokijua yeye, bali kikavu, cha kukwaruza, kinachotafuta njia kisiione.

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Kwanza alihisi utamu. Mara ukafuata woga, na akabaki na vyote viwili, hajui ashike kipi.

"Pole, Mwalimu," sauti ya binti ilisema kule chumbani, nayo ilikuwa imeanza kuparara. "Mvuke wa leo ni mkali kidogo."

Kesho yake adhuhuri mlango wa bluu ulisukumwa kwa mguu. Mwalimu aliingia na kitambaa shingoni. Nyuma yake alikuwa fundi cherehani, utepe wa kupimia bado unaning'inia kifuani, na jirani wa karakana ambaye hakuitwa na mtu. Fundi bomba naye alikuwa ndio anaingia kula chakula cha mchana, spana mkononi.

Mwalimu alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa upepo.

"Mama Mvuke," alinong'ona, "umenipa nini?"

"Anasema nini?" fundi cherehani akanong'ona.

"Anauliza kapewa nini," jirani wa karakana akanong'ona.

"Mbona na sisi tunanong'ona?" akanong'ona fundi bomba.

Mama Mvuke hakucheka. Alikuwa amesimama na neno moja masikioni. Umenipa. Mwalimu alifukizwa na binti, kwa taulo la binti, huku akicheka vichekesho vya binti, na sasa amesimama hapa anamtazama yeye. Sifa zilikuwa zimekwenda kwa mkono. Lawama ilikuja mlangoni. Katika hesabu yake yote hakuliona hilo hata mara moja.

"Mimi sikukufukiza, Mwalimu," alisema.

Mwalimu aliinua kidole akaonyesha kuta, jiko, chumba cha nyuma. "Nyumba ya nani hii?" alinong'ona.

Hapo ndipo mkamwana alipotoka chumba cha nyuma. Sauti yake nayo ilikuwa imekauka, maana alikaa juu ya lile beseni kama mgonjwa wake. Alipiga goti kidogo mbele ya Mwalimu.

"Nisamehe, Mwalimu. Kosa ni langu. Nilichuma upande wa jua, kule Mmeguko. Maua ya kule yana utomvu, hayafai koo. Mama alinikataza, sikumsikia. Niliona ni makubwa, nikayatamani."

Mama Mvuke alimgeukia. Binti hakumtazama. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu aliye nyuma ya dirisha la tiketi.

Fundi bomba aliweka spana mezani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake yalikuwa kama viungo vya mabomba: akishakaza, amekaza. "Basi yameisha," alisema. "Mke wangu hapandi tena mlimani, na hafukizi tena mtu. Kazi hii ni ya Mama. Kama goti halimruhusu, tutatafuta mtu wa kuchuma, atachuma atakachoelekezwa na Mama."

Hilo ndilo alilolitaka. Lilikuwa limeletwa mpaka miguuni pake, limefungwa vizuri, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Binti atarudi kwenye sufuria na nguo za kufua. Watu watakuja, watasema shikamoo, na hawatanyoosha shingo. Mama Mvuke alivuta pumzi kujiandaa kuonekana mwenye huruma.

Lakini Mwalimu alikuwa bado hajamaliza. Alimtazama binti, akaweka mkono kifuani. "Kukiri mbele za watu," alinong'ona, "si jambo dogo."

"Kweli kabisa," akadakia fundi cherehani, ambaye sauti yake ilikuwa imemrudia. "Mwingine angesema ni maji, ni beseni, ni Mwalimu mwenyewe. Huyu kasema ni mimi. Huyu ni mtu."

"Wako wangapi siku hizi?" alisema jirani wa karakana.

"Hakuna! Hawapo! Mama Mvuke, hapo mwanao kaokota dhahabu, nakwambia."

Binti aliinamisha kichwa. Mwalimu akamshika bega. Fundi cherehani akatikisa utepe wake kwa kusikitika, na hata fundi bomba, aliyetoka kumkataza mke wake kazi, alikuwa anamtazama kwa jicho la mtu anayetaka kumwandalia chai.

Mama Mvuke aliona yote hayo. Aliona wanaume wanne wamemzunguka binti katika chumba cha mvuke, chumba chake, wakimsifu kwa kosa ambalo binti hakulifanya. Donge lililokuwa kooni miezi yote ile lilipanda likagonga meno.

"Kosa la nani?" alisema.

Waligeuka.

"Nauliza, kosa la nani? Lake? Tangu lini? Mimi ndiye niliyemwambia achume! Aliniuliza hapo uani, anasuuza kikapu, nikamwambia ni haya haya, yachume. Akaniletea yananata, nikamwambia ni umande. Nilijua! Nimeyajua maua yale kabla hata baba yake huyu binti hajaoa! Yeye angejulia wapi habari za Mmeguko?" Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Wateja wangu kachukua. Mlima kachukua. Sasa na kosa langu analitaka? Na ninyi mmesimama hapo mnampigia makofi? Kosa ni langu. Mwacheni!"

Fundi cherehani alijaribu kusema, "Sasa hii, Mama..." lakini hakupata mwisho wake.

Mwalimu ndiye aliyeuliza, kwa ule upepo wake. "Kwa nini?"

Mama Mvuke alitafuta jibu zuri. Hakulipata. "Kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni," alisema, "nawe ukachungulia ndani."

Mwalimu alifunga vizuri kitambaa chake, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa hatua za watu wanaotoka msibani. Fundi bomba hakula. Alichukua spana yake, akamtazama mama yake kwa muda, akaenda kumalizia kazi ambayo pengine haikuwepo.

Mashindano yalifanyika. Mwalimu aliongoza kwa mikono tu, na kwaya ikarudi bila kombe. Waliolaumu koo la Mwalimu walikuwa wengi. Waliosema sauti ya nne haijawahi kuanza pamoja na nyingine hata mara moja walikuwa wachache, tena walisema kwa sauti ya chini. Habari ya Mmeguko ilienea mtaani kabla hata mabasi ya waimbaji hayajarudi. Viti viwili vya chumba cha mvuke vilikaa vitupu. Watu walipita mbele ya mlango wa bluu wakikohoa, wakaenda zao.

Siku ile ile Mama Mvuke alipokiri kosa, wanaume walipokwisha kuondoka, wanawake wawili walibaki chumba cha nyuma wakikung'uta vichanja kwenye gunia. Maua ya upande wa jua yalianguka kwa sauti kavu.

"Ulijua lini?" Mama Mvuke aliuliza.

"Jana jioni. Koo liliniwasha, nikachemsha ya Mmeguko kwenye kikombe kimoja na ya ufa kwenye kingine. Nikanusa, nikaonja. Nikajua."

"Ukajua na mimi nilijua?"

"Mama, wewe unanusa kikapu changu kizima kila nikirudi. Ungekosaje kujua?"

Kichanja kingine kilikung'utwa.

"Basi kwa nini ukasema nilikukataza?"

Mkamwana alifikiri. "Kwa sababu mlango ni wako. Wakiacha kuja kwako, mimi nitamchumia nani?" Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Na nilitaka uone haya. Kidogo."

Mama Mvuke alimtazama. Alitafuta hasira akaikuta, lakini karibu nayo palikuwa na kitu kingine kilichofanana na kicheko, akakimeza. "Sikuona haya," alisema. "Niliona wivu."

"Niliona, Mama. Mtaa mzima umeona."

Walifunga gunia kwa kamba. Binti alikaza fundo kwa goti lake zima, lenye afya.

"Kuna mangapi mengine hujaniambia?"

"Mengi."

"Utaniambia."

"Nitakuambia nikitaka."

"Utataka," alisema binti. "Ufa umebaki na maua machache, na hukuniacha hata na koo la kubishana."

Hakutaka, ila alisema, na kila jambo lilitoka kama jino. Alisema kwamba kibaraza cha mwamba hupumzishwa mwaka mzima kikishachumwa sana, na kwamba mwaka huo wa mapumziko ndio wa kumjua mchumaji wa kweli. Alisema kwamba maji ya kuoshea kidonda hayachemshwi mara mbili. Alisema kwamba chai ya nyotajabali haipewi mjamzito, na alipoona binti anaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo alishalisikia, akauliza kwa ukali, "Nani kakuambia?" Binti akasema hakuna, alikuwa anasikiliza tu. Mama Mvuke akabaki na mashaka mpaka jioni.

Yaliyobaki hayakuwa ya kusemwa jikoni. Mapumziko ya ufa yalipokwisha na maua yakarudi, fundi bomba alimkodishia mama yake punda, akampandisha bila kumuuliza, wakapanda watatu mpaka pale miti inapokoma. Zaidi ya hapo punda hakwenda, na goti nalo halikwenda. Walimkalisha juu ya jiwe, shuka mabegani. Mwanawe akarudi chini kidogo kumlisha punda. Mkamwana akaendelea na kikapu peke yake, akavuka changarawe, akaingia kwenye ufa.

Kutoka pale alipokaa Mama Mvuke aliona kila kitu. Ukungu ulikuwa unapita kwa mafungu, ukifunika kibaraza na kukifunua. Maua yalikuwa yamerudi mengi kuliko alivyotarajia, weupe mtupu juu ya jiwe jeusi. Hakuwahi kuviona vitu hivi kwa mbali. Miaka yote ile alikuwa ameviona vikiwa kando ya ukucha wake. Sasa mkono mwingine ulikuwa unatembea katikati yake, bila haraka, unakata, unalaza, unakata. Alikaza macho kwa kijicho kisichojificha, kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji akifungua madirisha.

Jambo moja hakuwa amelisema. Katika kila kishada kuna ua lililoinamisha kichwa kando, ambalo kwa macho ni zuri kuliko yote. Hilo limeshaanza kushika mbegu, halichumwi, kwa kuwa ndilo linalozaa maua ya mwaka unaofuata. Alikuwa amelibakiza kwa makusudi. Alitaka kuwa nalo la kusema siku hiyo.

Mkono wa binti ulifika kwenye kishada cha pembeni. Mama Mvuke alijiinua juu ya goti lake bovu, akaweka viganja mdomoni.

"Lililoinama!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Lililoinama liache!"

Upepo uliichukua sauti hiyo ukaenda nayo bondeni. Kule kwenye ufa mkamwana hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umekwisha kulipita bila kuligusa.